Moto Ambao Yesu Aliukataa



Somo letu la leo linatoka Injili ya Luka, sura ya 9, aya ya 51 hadi 56. Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako (au ifungue kwenye simu, si dhambi) uzisome hizo aya sita. Ni fupi, utamaliza kabla chai haijapoa.

Umesoma? Sasa tuangalie kilichotokea. Yesu yuko njiani kwenda Yerusalemu. Anatuma watu watangulie katika kijiji kimoja cha Wasamaria wamwandalie mahali pa kufikia. Wanakijiji wanakataa kumpokea, kwa sababu safari yake inaelekea Yerusalemu. Wayahudi na Wasamaria walikuwa na ugomvi wa miaka mingi kuhusu mahali pa kumwabudu Mungu: hawa walisema Yerusalemu, wale mlima Gerizimu. Yaani mtu ananyimwa pa kulala kwa sababu ya dini yake. Huo ni udini.

Halafu Yakobo na Yohane wanakuja na wazo lao. Wanamwuliza Yesu kama anataka waagize moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze watu wale. Na huo pia ni udini, ila sasa umepanda ngazi. Umetoka kwenye kumnyima mtu malazi, umefika kwenye kumwua.

Naomba uone mambo matatu hapa. Kwanza, wanaotaka moto si wapagani wala si watu wa pembeni. Ni mitume wa karibu kabisa. Katika sura hiyohiyo ya 9 walikuwa mlimani na Petro, wakauona utukufu wa Yesu. Pili, wana andiko la kujitetea. Nabii Eliya aliwahi kuuita moto ukashuka (2 Wafalme 1). Tatu, hawakuomba moto uwaangukie wale waliokataa peke yao. Waliuomba kwa kijiji. Na katika kijiji kuna watoto, kuna bibi mgonjwa aliyelala ndani, kuna mtu ambaye angeulizwa yeye, huenda angefungua mlango.

Yesu aliwageukia akawakemea. Kisha wakaenda kijiji kingine. Basi.

Leo nataka tujifunze jambo moja tu: moto wa udini, uwashwe na yeyote yule, humwunguza mtu wa kawaida kwanza, na sisi Wakatoliki hatuna haki ya kuongea kana kwamba huo moto ni wa wengine tu.

Tutenganishe maneno kwanza

Nilipoanza kusoma falsafa tulifundishwa kwamba nusu ya ubishi huisha watu wakishakubaliana maana ya maneno. Kwa hiyo tuyatenganishe matatu.

Imani thabiti ni kuamini bila kuyumba. Mkatoliki anayeamini kwamba Yesu yumo kweli katika Ekaristi hana haja ya kumwomba mtu radhi. Mwislamu anayebeba mizigo Kariakoo juani huku amefunga Ramadhani naye hana haja ya kumwomba mtu radhi. Hilo si tatizo la jamii yoyote.

Udini ni kumhukumu mtu kwa dini yake kabla hujamjua. Unamnyima chumba cha kupanga, unamnyima kazi, humwamini na fedha za kikundi, si kwa jambo alilofanya bali kwa jina lake tu, Fatuma au Yosefu.

Msimamo mkali ni hatua inayofuata: kuamini kwamba Mungu amekupa ruhusa ya kumwumiza yule uliyekwisha kumhukumu.

Shahidi wa imani na mtu mwenye msimamo mkali wote hawayumbi, ndiyo maana baadhi ya watu huwachanganya. Lakini shahidi anatoa damu yake mwenyewe; huyu mwingine anatoa damu ya jirani.

Na kati ya udini na msimamo mkali kuna uhusiano. Wenye bunduki huwa wachache sana. Wangekuwa peke yao wangekamatwa mapema. Wanachohitaji ni watu wengi wa kawaida ambao, wakisikia wale wa upande wa pili wameuawa, watasema moyoni, "Afadhali." Udini ndio unaowaandaa watu hao. Unaanza na utani, unakuwa mazoea, na siku ya siku unakuwa ukimya.

Habari ya Namugongo tusiyopenda kuisimulia

Kila tarehe 3 Juni mahujaji kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda, Kongo na Uganda yenyewe hujaa Namugongo. Tunaijua habari ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake waliouawa kwa moto hapo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mashahidi wetu Wakatoliki, pamoja na waliouawa sehemu nyingine za Buganda, ni 22. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Hawakufa peke yao. Vijana Waanglikana walichomwa Namugongo pamoja nao. Na miaka kumi hivi kabla ya hapo, wakati wa Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, kuna vijana wa Kiislamu wanaokumbukwa kuwa wapatao 70 waliouawa Namugongo hapohapo kwa sababu waliweka dini yao juu ya amri ya mfalme. Kwa hiyo udongo ule una damu ya vijana wa madhehebu na dini mbalimbali, wote waliuawa kwa kosa moja: kumtii Mungu kadiri walivyomjua.

Ungetegemea waliobaki wawe ndugu milele, sivyo? Hebu tuangalie kilichofuata.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana kumwondoa Mwanga madarakani. Umoja wao haukumaliza hata miezi miwili. Waislamu wakawafukuza Wakristo mji mkuu. Wakristo wakajipanga, wakarudi kwa vita mwaka 1889, wakamrudisha Mwanga yuleyule, na mapigano yakaendelea hadi mwaka 1890. Waislamu waliposhindwa, Wakristo wakabaki wenyewe kwa wenyewe, Wakatoliki na Waprotestanti. Majina waliyoitana ni "Wafaransa" na "Waingereza," kufuata nchi walikotoka wamisionari wao. Waganda wanaitana Wafaransa na Waingereza! Hapo ujue dini imeshakuwa kitu kingine.

Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo. Chanzo cha karibu kilikuwa ugomvi wa bunduki moja iliyoibwa na mtu mmoja aliyeuawa. Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa pale kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, aliwagawia Waprotestanti silaha na alikuwa na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Wakatoliki walishindwa. Misheni ya Rubaga ilichomwa moto. Watu walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe katika Ziwa Victoria, na kiliposhambuliwa siku chache baadaye wengi walizama wakijaribu kutoroka kwa mitumbwi.

Kutoka 1886 hadi 1892 ni miaka sita tu. Apolo Kagwa, aliyeponea chupuchupu katika mateso ya Mwanga mwaka 1886, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waprotestanti mwaka 1892. Upande wetu pia walikuwepo watu waliosoma katekisimu pamoja na mashahidi. Watu walioketi darasa moja na watakatifu walishika bunduki kuwapiga watu waliowalilia mashahidi wao wakati uleule.

Na nani alilipa? Baada ya vita nchi iligawanywa kwa dini. Buddu, upande wa Masaka, ikawa ya Wakatoliki. Waislamu wakabanwa kwenye sehemu ndogo. Sehemu kubwa iliyobaki ikawa ya Waprotestanti. Mkulima aliyekuwa na migomba yake mahali pabaya, kwa maana ya mahali ambapo chifu sasa ni wa dini nyingine, alifunga mzigo akahama na watoto wake. Huyo mkulima huenda hakuwa na maoni yoyote kuhusu Ufaransa wala Uingereza.

Nasimulia haya si kwa ajili ya kuwachafua mashahidi. Hasha. Nayasimulia kwa sababu tunapenda kudhani kwamba kuwa watoto wa mashahidi kunatupa chanjo. Hakutupi. Mtu anaweza kuwa na watakatifu ukutani na moto wa Yakobo na Yohane moyoni.

Kenya: basi mbili za Mandera

Novemba 2015 Papa Fransisko alifanya safari ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukiipanga ile safari kwenye ramani, unaliona somo letu lote. Pale Namugongo, tarehe 28 Novemba, alianza kwa kuwatembelea Waanglikana mahali wanapowakumbuka mashahidi wao, ndipo akaenda kuadhimisha Misa kwenye madhabahu yetu. Lakini kabla ya hapo alikuwa Nairobi.

Alipokutana na viongozi wa dini mbalimbali tarehe 26 Novemba, alitaja mashambulizi ya Westgate, Chuo Kikuu cha Garissa na Mandera, akasisitiza kwamba jina la Mungu lisitumike kamwe kuhalalisha chuki. Kumbuka kwamba Garissa ilikuwa bado kidonda kibichi. Tarehe 2 Aprili mwaka huohuo, siku ya Alhamisi Kuu, al-Shabaab waliua watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wako na wangu. Waliwatafuta Wakristo kwa kuwatenganisha na Waislamu. Na tarehe 22 Novemba 2014 walikuwa wamesimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatoa abiria walioshindwa kutamka maneno ya imani ya Kiislamu, wakaua watu 28. Baadhi yao walikuwa walimu waliokuwa wanarudi makwao likizo ya Krismasi.

Huo ni moto wa upande mmoja, na lazima tuuite kwa jina lake. Lakini twende pole pole. Tarehe 18 Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, Nairobi, watu wakafa. Baada ya hapo vijana wenye hasira waliingia mitaani wakavamia maduka na nyumba za Wasomali. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali walikamatwa katika msako, wengine wakawekwa kwenye uwanja wa Kasarani. Mama mwenye duka la vitambaa Eastleigh hakulipua gari lolote. Alilipa kwa jina na sura yake, kama vile yule mwalimu wa basi la Mandera alivyolipa kwa kutojua maneno ya Kiarabu.

Sasa sikia basi la pili. Tarehe 21 Desemba 2015, wiki chache baada ya Papa kuondoka, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, kaunti ya Mandera. Washambuliaji wakaagiza abiria wajigawe, Waislamu huku na Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Wakawaambia wale wenye bunduki: kama ni kuua, tuueni sote, au mtuache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, na Januari 2016 akafariki kutokana na majeraha. Serikali ya Kenya ilimpa nishani ya heshima baada ya kifo chake.

Fikiria mpango wa washambuliaji ulitegemea nini. Ulitegemea abiria wajigawe wenyewe. Bunduki zilikuwepo mwaka 2014 na zilikuwepo mwaka 2015. Kilichobadilika ni abiria.

Bangui: moto ukiwa mikononi mwetu

Kutoka Uganda Papa alikwenda Bangui. Wengi walimshauri asiende kwa sababu ya usalama. Alikwenda, na tarehe 29 Novemba 2015 akafungua Mlango Mtakatifu wa kanisa kuu la Bangui, kabla hata ya ule wa Roma, kuanza Mwaka wa Huruma. Kwa nini Bangui?

Machi 2013 waasi wa Séléka, wengi wao Waislamu, waliteka Bangui na kuiangusha serikali. Waliua, wakapora, wakachoma vijiji. Wananchi wakaunda makundi ya kujilinda yaliyoitwa anti-balaka. Wengi wa vijana hao walitoka familia za Kikristo au za dini za jadi, na wengi walifunga hirizi mwilini. Desemba 2013 walishambulia Bangui, Séléka wakalipiza, na kwa siku chache mamia ya watu wakauawa. Mwaka 2014 vijana wa anti-balaka waliwasaka Waislamu hadi mitaa mizima na miji ikabaki bila Waislamu. Familia zilizoishi pale vizazi na vizazi zilipakiwa kwenye malori kuelekea Chad na Cameroon. Misikiti ilibomolewa.

Maaskofu wa nchi ile walisema wazi kwamba anti-balaka si jeshi la Wakristo. Ni kweli. Lakini mtoto wa Kiislamu aliyekuwa amejificha chini ya kitanda hakuwa na nafasi ya kuuliza kama wanaovunja mlango wamepata kipaimara au la. Baadhi yao walikuwa wamebatizwa. Ndiyo maana somo hili linatuhusu.

Ukabila, madini, ng'ombe na siasa vilikuwa na sehemu kubwa katika vita ile. Hata hivyo ilipofika kumchagua nani afe njiani, kigezo kilichotumika mara nyingi kilikuwa dini. Ni rahisi kuiona: jina, kanzu, rozari shingoni.

Katika giza lile walikuwepo watu. Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga wa Bangui alimpokea nyumbani kwake Imamu Oumar Kobine Layama na familia yake, wakaishi naye miezi kadhaa. Wawili hao pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou walizunguka nchi wakiwaomba watu waweke silaha chini. Huko Bossemptélé, Padre Bernard Kinvi, Mkamiliani kutoka Togo, aliwatibu majeruhi wa pande zote katika hospitali ya misheni, na mwaka 2014 aliwahifadhi hapo mamia ya Waislamu waliokuwa wanasakwa na anti-balaka. Alikuwa anasimama mbele ya vijana wenye mapanga akiwa na kanzu yake nyeusi yenye msalaba mwekundu, akiwakatalia.

Tarehe 30 Novemba Papa aliingia mtaa wa PK5, mahali ambapo Waislamu wa Bangui walikuwa wamezingirwa, akaenda kwenye msikiti wa Koudoukou na kuwaambia kwamba Wakristo na Waislamu ni ndugu. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi hadi yamechakaa masikioni. Pale PK5 siku ile kuyasema kulihitaji ujasiri.

Kutoka "baadhi" hadi "wote"

Sasa turudi kwetu Tanzania. Sisi tunapenda kujisifu kuwa kisiwa cha amani, na tunayo mengi ya kumshukuru Mungu. Ukoo mmoja una Hamisi na Yohana, Idi tunakula pilau kwao, Krismasi wanakula kwetu. Lakini tusijidanganye. Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia makanisa kadhaa kuvunjwa na kuchomwa. Watoto wawili! Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali Zanzibar. Februari 17, 2013 Padre Evaristi Mushi akapigwa risasi Zanzibar asubuhi ya Jumapili alipokuwa anakwenda kuadhimisha Misa. Mei 5, 2013 bomu likarushwa kwenye uzinduzi wa parokia ya Olasiti, Arusha, waamini wakafa.

Nikuulize kwa upendo: katika orodha hiyo, wangapi ulikuwa unawakumbuka? Wakatoliki wengi wanamkumbuka Padre Mushi na Olasiti. Sheikh Soraga wengi hawamkumbuki. Udini unaanzia hapo, kwenye kumbukumbu. Kila upande unaweka daftari la majeraha yake na kulitupa la mwenzake, kisha kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba yeye ndiye anayeonewa siku zote.

Katika mantiki kuna kosa moja la zamani sana: kuona jambo kwa baadhi na kulisema kwa wote. Baadhi ya waliofanya ugaidi ni Waislamu. Kwa hiyo Waislamu ni magaidi. Baadhi ya waliochinja Bangui walibatizwa. Kwa hiyo Wakristo ni wachinjaji. Ukimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sentensi hizo anakwambia mara moja hoja haisimami. Ila mtaani na kwenye magrupu ya WhatsApp zinasimama, tena zinatembea. Na ona ujanja wake: likifanywa kosa na mtu wetu, tunasema "huyo si Mkristo wa kweli." Likifanywa na mtu wao, tunasema "si unawaona walivyo." Tunawapa watu wetu "baadhi," tunawapa wao "wote."

Wala hili si la Waislamu na Wakristo tu. Sikiliza tunavyowaongelea Walokole na Wasabato tukiwa wenyewe, na wao wanavyotuita waabudu sanamu. Buganda ya 1892 ilikuwa Wakristo kwa Wakristo.

"Lakini Frateri, wao ndio walioanza"

Najua swali hili litakuja, na ni swali la haki. Mtu aliyempoteza ndugu Garissa hawezi kuambiwa asahau. Haki lazima itendeke: muuaji akamatwe, ashtakiwe, afungwe, na watu wajilinde kwa mujibu wa sheria. Yesu hakusema wale Wasamaria walifanya vizuri kumfungia mlango. Alichokataa ni kijiji kulipa deni la waliokataa.

Ukichunguza kila moto, mwenye kuuwasha anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Séléka walikuwa na malalamiko ya kweli ya kaskazini kutelekezwa. Anti-balaka walikuwa na makaburi ya kweli. Wakatoliki wa Mengo walikuwa na madai yao, na Waprotestanti vilevile. "Nani alianza" ni swali la hakimu. Tukilifanya dini yetu, hatutafika mwisho.

Swali la pili: je, kuwaheshimu wengine ni kusema dini zote ni sawasawa? Hapana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, linaalika pande zote kuvuka uhasama wa zamani, na linakataa ubaguzi wowote wa mtu kwa sababu ya dini yake. Mtaguso huohuo unasisitiza kwamba Kanisa lazima limtangaze Kristo. Yote mawili ni mafundisho yetu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwaka 1219, katikati ya vita ya msalaba huko Misri, alivuka kwenda kwa Sultani al-Kamil kuongea naye habari za Kristo. Hakuficha imani yake na hakubeba upanga. Alirudi salama.

Tufanye nini basi?

Niweke mambo manne, ambayo kijana yeyote anaweza kuyaanza leo.

1. Usisambaze usichokithibitisha. Picha ya maiti yenye maneno "angalia wanavyotufanyia" inaweza kuwa ya nchi nyingine na mwaka mwingine. Kama huwezi kusema ni wapi, lini na nani, iishie kwako.

2. Mtaje mtenda kwa jina lake. Sema "al-Shabaab," usiseme "Waislamu." Sema "genge fulani," usiseme "Wakristo." Ni mazoezi ya ulimi, na kuungama tunaungama pia dhambi za ulimi.

3. Kata utani ukiwa kwenye kundi lako. Kumtetea Mwislamu mbele ya Waislamu ni rahisi. Kazi ni kusema "jamani, hapana" kwenye grupu la kwaya au la VIWAWA, wote mkiwa Wakatoliki, na ukubali kuonekana umewaharibia stori.

4. Mjue mtu mmoja kwa kweli. Si "nina marafiki Waislamu," bali Zuhura ambaye unajua mama yake anaumwa nini. Abiria wa Mandera hawakusoma hati yoyote ya mazungumzo ya dini. Walikuwa wamekaa kiti kimoja na hao watu safari nzima.

Yohane alirudi Samaria

Nimalizie na jambo ambalo ukisoma Luka 9 peke yake hulioni. Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 8, aya ya 14 hadi 17. Wasamaria wamelipokea neno la Mungu. Mitume walioko Yerusalemu wanatuma watu wawili waende kuwaombea. Mmoja ni Petro. Wa pili ni Yohane.

Ndiyo, Yohane yuleyule. Anarudi Samaria, anaweka mikono juu ya vichwa vya Wasamaria, nao wanampokea Roho Mtakatifu. Kanisa linaiona pale mizizi ya sakramenti ya kipaimara. Sasa jiulize: kama Yesu angemkubalia siku ile, angeweka mikono juu ya vichwa vya nani?

Moto ulishuka kweli, lakini ni ule wa Pentekoste.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika jumuiya)

1. Ni neno gani la kejeli kuhusu watu wa dini au dhehebu jingine ambalo nimelizoea kiasi kwamba silisikii tena?
2. Ningekuwa ndani ya basi la Mandera, na wanaotafutwa si wa dini yangu, ningefanya nini?
3. Je, kuna jeraha la upande wa pili ambalo sijawahi kuliombea?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyenyimwa malazi kwa sababu ya udini wa watu, na ukakataa kuulipiza, tukemee sisi kama ulivyowakemea rafiki zako. Uwapumzishe waliouawa njiani, madarasani, makanisani na misikitini. Uwafariji waliobaki. Utupe imani isiyoyumba na mikono isiyoshika moto. Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Amina.

Mbaki na amani ya Kristo.